Asidi ya Kuku wa Shangazi Apolonia

Kihesa, Iringa
9 Machi 2025

Mwanangu Adrian,

Tumsifu Yesu Kristo, na kamwene. Naamini barua hii itakukuta mzima wewe, Bupe na mjukuu wangu Blessing. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, na magoti ni ya umri, hayana habari. Mvua zimekuja kwa fujo mwaka huu. Mahindi ya jirani yangu Mzee Obeid yamelala chini yote, na yeye anasema niliyalaza mimi kwa maneno yangu.

Baba yako mdogo Nashoni alipita akitokea Mafinga na gari la mbao. Ameniletea magunia ya maranda ya banda, namshukuru. Lakini akaniletea na wimbo wake uleule: niuze kuku, nifunge nyumba, nihamie kwake nikapumzike. Nimemwambia nilifundisha watoto wa watu miaka yote ile nikiwa nimesimama, kupumzika nitapumzika Mungu akiniita. Akacheka. Mimi sikucheka.

Usiniulize kwa nini sijapiga simu. Nimepiga. Yule dada wa kwenye mashine ameshanizoea, kila siku ananiambia hupatikani. Na siku ukipatikana unaongea kama mtu anayefukuzwa na nyuki, kisha unakata. Barua haikati mtu, ndiyo maana nimerudi kwenye barua. Nakutumia kwa basi, kama zamani.

Sasa jambo lenyewe. Kuku wangu wanahara. Mavi yao ni maji matupu, maranda yanalowa, banda linanuka mpaka barabarani. Wanakula lakini hawanenepi. Ile dawa ya unga wa njano niliyokuwa nawawekea kwenye maji tangu wakiwa vifaranga, kama kinga, imekwisha dukani kwa Shedrack, na yeye hajui itakuja lini. Wewe unafanya kazi kiwanda cha chakula cha mifugo, huwezi kukosa. Nitumie makopo ya kutosha. Masista wameniagiza kuku wa jubilei yao mwezi wa sita, na sitaki kuanza kundi hilo bila kinga.

Nisalimie Bupe. Mwambie Blessing bibi yake anamwekea yule kuku mweusi wa kienyeji, hauzwi.

Ni mimi shangazi yako,
Apolonia Kalinga


Uyole, Mbeya
24 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako nimeipata, imekaa ofisi za basi mpaka kondakta alipokumbuka. Huku tupo, Mungu anasaidia. Baridi imeanza mapema. Bupe hayupo nyumbani kwa sasa, nitamfikishia salamu. Simu yangu ina matatizo ya chaji.

Dawa ya njano sitakutumia. Naomba usikasirike kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Ile ni antibayotiki, Shangazi. Ni ya kumtibu mgonjwa, kwa siku zilizoandikwa, halafu unaacha, na unangoja iishe mwilini mwa kuku kabla hujamchinja. Siyo ya kuwanywesha wazima kila siku kama chai. Ukifanya hivyo wale bakteria wanaizoea, na siku wakikuingia wewe mwenyewe, hospitali watakupa dawa hiyohiyo na haitafanya kitu.

Badala yake nimekuwekea mfuko wa unga mweupe. Ni asidi, lakini usiogope jina. Ni jamii moja na siki, na limao, na ule ukali wa maziwa mgando. Unachanganya na chakula kikavu, kipimo kimoja kwa gunia, kikombe chenye mstari kimo ndani ya mfuko. Chakula kinakuwa kichachu kidogo kwenye gole, kile kifuko cha shingoni, na kwenye firigisi. Bakteria wengi wabaya hawapendi uchachu, hawastawi. Kuku anasaga chakula vizuri zaidi, na chakula chenyewe hakioti ukungu haraka wakati huu wa mvua. Haitibu ugonjwa. Inazuia tu, tena kama banda ni kavu na vyombo vya maji ni safi. Ukizidisha, watasusa chakula. Tafadhali fuata mstari wa kikombe.

Niambie: maranda unabadilisha mara ngapi? Vyombo vya maji unavisugua?

Mwanao,
Adrian


Kihesa
14 Aprili 2025

Mwanangu Adrian,

Salamu ni zile za juzi, na mimi ni mzima. Padri ametutangazia kwaya mpya, inaimba kwa pua. Mama Goodness wa hapa nyuma amejifungua mapacha.

Kuku wako wamesusa. Nasema wako, kwa maana ni wewe uliyewaharibia chakula. Nimechanganya unga wako, wakadonoa mara moja, wakanitazama kama nimewatukana, wakaondoka. Mpaka nawauza walikuwa wanakula kwa kulazimishwa na njaa. Walivyokonda ukiwashika unahesabu mbavu. Niliwauza kwa wakaanga chipsi kwa aibu, na yule kijana mnunuzi akaniuliza, "Mwalimu, hawa ni kuku wa nyama au kware?"

Halafu barua yako. Siku hizi unaandika herufi ndogo kama mtu anayefanya uchawi. Nimeisoma mlangoni, juani, mchana kutwa. Nilikufundisha mimi mwenyewe kuandika, na hukuwa hivyo.

Umeniuliza habari za usafi. Nimefuga kuku tangu hujaoa. Sijibu.

Lakini kuna jambo nimeliona wewe ukidhani sioni. Umeandika ukurasa mzima wa bakteria, na mke wako ana mstari mmoja tu: hayupo nyumbani. Yuko wapi? Na Blessing hukumtaja kabisa. Mmegombana? Kama mmegombana sema, nije niwaweke chini wote wawili.

Shangazi yako,
Apolonia


Uyole
3 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hatujagombana. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana.

Kuku hawasusi kwa kipimo nilichokuandikia. Tunawapa wafugaji huku kila wiki, wanakula mpaka wanalamba chombo. Ulitia kiasi gani kwa gunia? Kikombe kimoja au vitatu? Ulifika kwenye mstari au ulijaza? Nakuuliza swali rahisi, nawe unanijibu habari za kwaya.

Shedrack namfahamu, alinipigia simu kuuliza bei ya chakula. Amenipa habari ambayo wewe hukuniandikia, kwamba dawa ya njano imeingia, na mteja wake wa kwanza kabisa alikuwa wewe. Shangazi! Uliwanywesha, halafu ukawauza kwa wakaanga chipsi wiki hiyohiyo? Watu wamekula dawa ile. Watoto wamekula. Nimekuandikia ukurasa mzima na umeufungia vitumbua. Wewe ni mwalimu, siyo mtu wa kuambiwa jambo mara kumi. Mtu akisikia hivi na bado anafanya, mimi sijui nimwiteje, na kwa kuwa ni wewe nanyamaza.

Kwa ajili ya kundi la jubilei nimekutumia mifuko miwili. Nimeandika juu yake mwenyewe, kwa wino mwekundu. Mmoja ni asidi ya kuchanganya na chakula. Wa pili ni chokaa ya kumwaga sakafuni ukishatoa maranda ya zamani, kabla hujaweka makavu. Chokaa hiyo ni mbichi, usiishike kwa mkono mtupu.

Usinijibu kama hutajibu maswali.

Adrian


Kihesa
8 Juni 2025

Adrian,

Leo sikusalimii. Salamu utazikuta mbele, kama zitakuwepo.

Jumapili baada ya misa Faustina alinishika mkono pale nje ya kanisa. Binti yake ni muuguzi huko Mbeya, unajua. Akaniuliza, "Mwalimu, yule mtoto wa Adrian amepata nafuu?"

Nikamuuliza, "Mtoto yupi?"

"Blessing. Si alilazwa tangu mwezi wa tatu? Binti yangu anasema mama yake hakutoka wodini, alikuwa analala chini ya kitanda."

Adrian, nilisimama pale mbele ya watu wote kama mtu aliyevuliwa kitenge. Ikabidi niseme, "Ahaa, ndiyo, anaendelea vizuri." Nimemdanganya Faustina nje ya kanisa, komunio ikiwa bado mdomoni, ili asijue kwamba mwanangu mwenyewe hakuniambia. Tangu mwezi wa tatu! Nami nakuandikia habari za mahindi ya Obeid! Ndiyo maana simu haikupatikana. Ndiyo maana Bupe hayupo nyumbani. Mimi ni nani kwako? Baba yako Zabron alipokuwa anakufa aliniambia, "Apolonia, huyu ni wako." Hakusema ni wangu siku za heri tu.

Nimekaa siku kadhaa nikitafuta maneno mazuri zaidi ya haya. Sijayapata.

Na hayo ya kuku nayo sikia, maana nimechoka kubembelezana. Dawa yako imeua. Vifaranga wa jubilei walianza vizuri, wanakimbia, wana manyoya. Nikasema safari hii nimtii huyu msomi. Nikachanganya unga wako na chakula, nikatia maji kidogo usipeperuke. Ukafuka moshi! Ukapata moto kama sufuria ya ugali, ukanichoma vidole viwili mpaka ngozi ikatoka. Nikasema labda ndivyo asidi ilivyo, ukali wake. Ukapoa, nikawapa. Kufika jioni wamejikunja, midomo inatoka mate, wanashindwa kumeza. Asubuhi nikatoa waliokufa kwa toroli. Ule unga mwingine, wa sakafuni, nilimwaga kama ulivyosema, nao una harufu kali ya siki inayowasha pua.

Nimewaambia masista. Sista Helena alinishika bega akasema, "Mwalimu, tutachinja na mbuzi." Alisema kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Nashoni amesikia. Anakuja mwisho wa mwezi na gari tupu, na najua gari tupu linakuja kubeba nini.

Mtoto hali yake ikoje? Hilo ulijibu kwanza.

Apolonia


Uyole
12 Juni 2025

SHANGAZI,

SHIKAMOO. NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA NA KALAMU NENE. USINIULIZE KWA NINI, MAANA NAFIKIRI TUNAJUA WOTE.

BLESSING AMETOKA HOSPITALI. Anatembea. Amekonda lakini anakula, na amerudia kuringa. Hiyo ndiyo habari ya kwanza.

Ilianza kama homa na kuhara, tukadhani ni ya kawaida. Wakampa dawa, haikusaidia. Wakabadilisha, haikusaidia. Ikaingia kwenye damu. Daktari akatuita pembeni, mimi na Bupe, akasema, "Wadudu waliomwingia huyu mtoto wamezizoea dawa hizi mbili. Tumepeleka damu maabara, tunatafuta itakayowaweza." Bupe akamuuliza, "Wamezizoea wapi? Mtoto hajawahi kuumwa hivi." Daktari akasema hawezi kujua, kwa watu, kwa mifugo, kwenye maji, popote dawa zinapotumiwa ovyo. Hakusema kuku, na mimi sisemi ni kuku wako. Lakini barua yako ya kuniomba dawa ya njano niliisomea kwenye benchi la wodi ya watoto, na nilikujibu nikiwa palepale. Sikukuambia kwa sababu una presha, na kwa sababu ningeandika neno "Blessing" nisingemaliza barua.

SASA SIKILIZA. ASIDI NILIYOKUTUMIA HAIFUKI MOSHI IKITIWA MAJI. CHOKAA MBICHI NDIYO INAYOFUKA. ASIDI NDIYO INAYONUKA SIKI. UMEWALISHA CHOKAA, UKAMWAGA ASIDI SAKAFUNI.

Maandishi ya wino mwekundu juu ya mifuko hukuyaona. Wala mstari wa kikombe ule wa mwanzo hukuuona. Barua zako tangu mwezi wa tatu zinazidi kuwa na herufi kubwa, na ya juzi mistari inapanda juu ya mistari. Nilikasirika wiki ngapi nikidhani ni ubishi!

Toka lini, Shangazi?

Nakuja Jumamosi. Usiwape kuku kitu chochote zaidi ya chakula kikavu na maji. Vidole usivipake mafuta ya taa, nakujua.

ADRIAN


Kihesa
6 Julai 2025

Mwanangu Adrian,

Tumsifu Yesu Kristo. Vidole vimepona. Kuku waliobaki nimewapelekea masista, walikuwa wachache lakini wazito, jubilei imepita, na yule mbuzi sifa zake hazivumiliki. Mzee Obeid anakusalimu. Anasema wewe ni kijana mwenye adabu. Sikumpinga kwa sababu ya umri wake.

Bado nimekukasirikia, na nataka ujue ni kwa lipi. Siyo kwa kuja. Kwa kuja nilifurahi, ingawa sikusema. Nimekukasirikia kwa ile kazi ya bandani. Nilikuambia, "Kaa unywe chai." Ukasema unaenda kuwaangalia kuku mara moja. Nikasikia koleo. Nikasikia unasugua vyombo vya maji, unasugua tu, mpaka chai ikapoa na nyingine ikapoa. Nikaja mlangoni nikakuuliza, "Kuna uchafu gani huko wa kusugua hivyo?" Ukasema, "Hakuna, Shangazi, ni vumbi tu." Vumbi gani linasuguliwa kwa mchanga? Mtu mzima unamdanganya kama mtoto anayepewa dawa.

Halafu ndipo ukaanza habari ya macho, mbele ya kuku.

Nakurudishia maneno yako kama ulivyosema, ili usije ukasema umesahau. Ulisema, "Ni mtoto wa jicho tu, Shangazi, hospitali ya hapahapa mjini wanatoa, unarudi nyumbani upesi." Nikakujibu, "Mama yangu alitiwa kisu cha jicho akarudi hivyohivyo gizani." Ukasema, "Hiyo ilikuwa zamani." Nikasema, "Na jicho ni lilelile." Ukapandisha sauti. Adrian, ulinipigia kelele bandani kwangu! "Utawalisha nini safari ijayo, sumu ya panya?" Nikakuambia utoke. Ukatoka. Ukaondoka na basi la mchana bila kula, na mimi nikakaa na sahani mbili.

Sikiliza sasa na mimi. Nikienda hospitali, Nashoni atajua. Alikuja na gari lake tupu, nikampokea nimesimama wima, nikamwambia kuku walikufa kwa baridi. Alinitazama sana, au nafikiri alinitazama. Aliondoka na gari lake. Akisikia kwamba shangazi yenu haoni, hatakuja kuniuliza, atakuja na vijana wa kubeba vitanda. Nitakaa Mafinga kwenye kochi la watu, naambiwa kila saa, "Shangazi usishike, shangazi utaanguka." Hapa najua kila kitu kwa miguu. Najua hatua za kwenda bandani, najua mlango. Asubuhi wale kuku wanasikia mti wa mlango ukitolewa, wote wanasimama kwa pamoja, kelele! Hiyo ndiyo inayoniamsha. Kule Mafinga itaniamsha misumeno.

Na nani anatuma chokaa na asidi ya chakula kwenye mifuko pacha? Hilo hujanijibu.

Kundi jipya la vifaranga nimelichukua. Ndiyo, nimelichukua. Mama Goodness ndiye anapima asidi, kwa kikombe chako, kwa mstari wako. Wanakula bila kususa. Mavi yao ni makavu. Nasema ukweli hata ukinikera.

Shangazi yako,
Apolonia


Uyole
17 Julai 2025

SHANGAZI,

SHIKAMOO. Tuna afya wote. Blessing anauliza yule kuku mweusi kama bado hauzwi.

Kwa kukupigia kelele bandani, nisamehe. Kwa mifuko pacha, nisamehe na hilo. Niliifunga nikitoka wodini, nilichukua iliyokuwa karibu.

Kuhusu macho sitakuandikia hotuba nyingine, nimechoka kuzitunga na wewe umechoka kuzirudisha. Nitakuambia tulichokubaliana mimi na Bupe, wewe utachagua.

Bupe na Blessing watakuja Kihesa kukaa nawe, mwezi au zaidi. Daktari amesema mtoto apumzishwe shule mpaka apate nguvu. Bupe amekulia kwenye kuku huko kwao Tukuyu, atashika banda wakati umefungwa jicho. Hakuna mtu wa Mafinga atakayehitajika, wala kuambiwa. Baba mdogo nimempigia mwenyewe, nikamwambia mkwe wako anakuja kuuguza mtoto mahali penye utulivu. Ni kweli tupu. Amesema vizuri, ataleta maranda.

Hofu yako juu ya kile kisu cha jicho la bibi, mama yako, siwezi kuiondoa. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye benchi nikiambiwa dawa ya tatu inaweza kushindwa kama mbili za kwanza. Walinipa karatasi nisaini. Nikasaini.

Ukikataa, Bupe atakuja vilevile. Basi la Ijumaa. Wapokee.

ADRIAN


Kihesa, Iringa
21 Septemba 2025

Mwanangu Adrian,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene sana. Barua hii naiandika mwenyewe, mezani, siyo mlangoni, na ukiona mistari imenyooka usidhani Bupe ameniongoza mkono. Mtoto wa jicho la pili watamtoa mwezi wa kumi na moja. Nilimwambia yule daktari kijana, "La kwanza umelifanya vizuri, usije ukajisahau kwenye la pili." Akasema, "Sawa, Mwalimu." Kumbe nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa mtundu.

Tangu uondoke siku ile ya kufunguliwa bandeji, Nashoni ameniletea maranda, amenikuta juani nasoma gazeti. Amenitazama mimi, akalitazama gazeti. Mwishoni nikamwambia mwenyewe, kila kitu, na chokaa pia. Akasema, "Dada, ungeniambia." Nikasema, "Ungenihamisha." Hakukataa. Tukanywa chai. Habari ya Mafinga hakuigusa.

Bandani niliingia siku ya pili. Bupe alikuwa amepiga chokaa kuta, kila kitu kinang'aa, vifaranga wamekauka miguu. Nikamwambia, "Banda langu limekuwa zuri hivi." Yule binti wa watu hajui kusema uongo, akatazama chini. Nikatafuta nyuma ya banda nikakiona kile chombo cha maji ambacho hukukimaliza siku ile, ulikitupa majanini. Nikakichukua. Utelezi wa kijani umeshika ndani, unene wa kidole, unanuka kama kisima chenye mzoga. Adrian, ndimo kuku wangu walimokuwa wanakunywa. Muda wote ule nilikuwa nakutukana kwa ajili ya mharo wao. Ningewapa asidi ya dunia nzima, ningewapa na dawa ya njano, wangeendelea kuhara. Na wewe ukaniambia ni vumbi.

Nilikaa chini pale majanini nikalia. Bupe akanifuata, akafikiri jicho limenipasuka.

Kundi hili limetoka salama. Baridi ilichukua wachache, sitakudanganya, lakini waliobaki ni wazito na Shedrack amekuja kuniuliza ninawapa nini. Nimemwambia siki na ufagio. Hakuamini, anadhani nina dawa ya siri kutoka Mbeya. Mwache adhani. Ya kwake ya njano imejaa vumbi rafuni, na mimi sipiti tena pale.

Nimebakiwa na jambo moja, na nimelizungukia barua nzima.

Asubuhi ile muuguzi alipotoa bandeji, kwanza nuru iliniumiza. Halafu nikaona dirisha. Halafu benchi, na kwenye benchi kaka yangu Zabron amekaa, mikono katikati ya magoti, kama alivyokuwa akikaa. Nilitaka kumwita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo ukasema, "Shangazi, unaona?"

Nilikujibu naona, na ukafikiri nalia kwa furaha ya jicho.

Mwanangu, una mvi. Kichwa kizima upande wa kulia. Mashavu yameingia ndani. Mara ya mwisho kukuona kwa macho haya ulikuwa kijana. Miezi hiyo yote ya wodini ilikupitia usoni, na mimi nilikuwa nasoma barua zako juani nikitafuta mahali ulipokosea tahajia. Ulipokuja siku ile ya koleo ulikuwa hivyohivyo, ulikaa mbele yangu na mvi zako, nikakufukuza bila chakula.

Sijui mtu anaomba radhi vipi kwa jambo kama hilo. Nimepika kila siku tangu hapo kama nangoja mgeni.

Blessing amejaa mwili, anakimbiza kuku mpaka namgombeza. Yule mweusi amempa jina lako. Bupe anasema Jumapili wanarudi Mbeya, mtoto anasema haendi, na mimi nimesimama upande wa mtoto. Kwa hiyo wawili kwa mmoja, na Bupe ameanza kuchoka. Usitume barua wala usipige simu. Njoo mwenyewe utuamue, na uje mapema kabla ya chakula cha mchana.

Mimi shangazi yako ninayekuona,
Apolonia Kalinga